Mgombea Binafsi: Kutoka Mbulu 1960 hadi Nkowe 2020

Tarehe 28 Oktoba 2020, mpiga kura wa Nkowe, wilayani Ruangwa, alifika kituoni bila kuwa na mbunge wa kumchagua. Mgombea wa CCM katika jimbo lake, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, alikwisha kutangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Majimbo mengine zaidi ya 20 yalikuwa katika hali hiyo hiyo. Sina ugomvi na mbunge huyo. Huenda angeshinda kwa kura nyingi. Swali langu ni la kihistoria: ilikuwaje tukafika mahali ambapo neno la mwisho juu ya mbunge husemwa kwenye vikao vya chama, na mwananchi asiye na kadi ya chama hana mlango wa kuingilia?

Tuanzie Mbulu. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki hakikwenda kwa chama cha upinzani. Kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya Chifu Amri Dodo, mgombea rasmi wa chama chake mwenyewe. Chama kilikuwa na chaguo lake, wananchi wa Mbulu wakawa na lao, na sheria ya wakati ule iliwaruhusu kulisema. Uhuru haukuchelewa kwa sababu hiyo, wala nchi haikugawanyika.

Mwaka 1965 tuliingia rasmi katika mfumo wa chama kimoja. Mgombea binafsi alitoweka, lakini waasisi wa mfumo ule walitambua hatari ya kuiachia kamati kazi ya mpiga kura. Wakaweka utaratibu ambao wazee wa Nachingwea na Ruangwa bado wanaukumbuka: mkutano mkuu wa wilaya ulipiga kura za maoni, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua majina mawili, na wote wawili wakapelekwa kwa wananchi, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Aliyeshika nafasi ya pili chamani aliweza kuwa wa kwanza jimboni. Mwaka huo huo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Mfumo ule ulikuwa na kasoro kubwa, kwa kuwa haukuruhusu mawazo yaliyo nje ya chama. Hata hivyo, katika majimbo mengi uliacha uamuzi wa mwisho mikononi mwa wapiga kura.

Hapa ndipo kuna kinaya cha historia yetu. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1992 yalirejesha vyama vingi, lakini yakaweka sharti kwamba mgombea urais au ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Vyama viliongezeka, ila ndani ya kila chama jina lililopelekwa kwa wananchi likabaki moja. Mwana-CCM wa Ruangwa aliyekuwa na majina mawili ya kuchagua zama za jembe na nyumba akabakiwa na moja zama za demokrasia.

Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hili mahakamani mwaka 1993. Tarehe 24 Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kwamba raia anaweza kugombea bila kudhaminiwa na chama. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilikwisha kupitisha marekebisho ya Katiba yaliyoifuta hukumu hiyo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikosoa hatua hiyo hadharani. Mtikila alirudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006 mbele ya majaji watatu wa Mahakama Kuu. Tarehe 17 Juni 2010, Mahakama ya Rufani ikasema jambo hili ni la kisiasa na wa kulitatua ni Bunge. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua tarehe 14 Juni 2013 kwamba Tanzania imekiuka haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake. Mtikila alifariki Oktoba 2015 katika ajali ya gari, bila kuiona hukumu hiyo ikitekelezwa.

Wapo wanaouliza kwa haki: je, aliyekubali kushindana ndani ya chama, akashindwa, aruhusiwe kugeuka na kukivuruga? Swali ni zito. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria zinazomzuia aliyeshindwa kura za mchujo kugombea peke yake katika uchaguzi uo huo. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mgombea binafsi awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uganda imeacha mlango wazi zaidi, na Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 likapata wabunge binafsi zaidi ya 70, wengi wao wakiwa wamekosa tiketi ya NRM. Njia hizi zinatofautiana, lakini hakuna hata moja inayomzuia raia ambaye hajawahi kuwa na chama.

Sheria yetu inafanya kinyume chake. Inamzuia asiye na chama, huku ikimwachia aliyeshindwa njia ya kukodi chama kingine. Edward Lowassa alikatwa CCM Julai 2015, na Oktoba akagombea urais kwa tiketi ya CHADEMA, akapata kura zaidi ya milioni sita. Tunajenga vyama vya kupokea wahamaji, kisha tunashangaa kwa nini havina itikadi.

Nakiri kwamba mgombea binafsi peke yake asingeiokoa Nkowe mwaka 2020; naye angeweza kuenguliwa kwa kosa la fomu. Sheria ya uchaguzi ya 2024 imepiga hatua kwa kutaka mgombea aliyebaki peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Lakini kura ya hapana haimpi mwananchi mbunge mwingine.

Wanafunzi wangu huniuliza kama mageuzi haya yanahitaji Katiba mpya yote. Hayahitaji. Bunge lililoifunga njia mwaka 1994 kwa muswada mmoja linaweza kuifungua kwa muswada mmoja, na likitaka liweke muda wa kutoka chamani kama walivyofanya Wakenya. Mwaka 1960 mkulima wa Mbulu aliaminiwa kufanya uamuzi huo kabla hata ya bendera ya uhuru kupandishwa. Mkulima wa Nkowe leo ana elimu na taarifa zaidi kuliko yule. Anayedai kwamba hawezi kuaminiwa ndiye mwenye wajibu wa kutueleza sababu.