Jhana: Safari ya Neno na Tafsiri Zake

Katika makala haya nakusudia kueleza kwa ufupi historia ya jhana, yaani ile hali ya moyo kutulia juu ya jambo moja tu, ambayo vitabu vya kale vya Wabuddha huigawanya katika madaraja. Jambo hili si geni kwa wanazuoni wa dini. Kwetu sisi wa lugha lina fundisho lake, kwani tafsiri ya neno moja yaweza kuipotosha historia nzima.

Neno lenyewe ni la Kipali. Katika Kisanskriti huitwa dhyana, nalo latokana na mzizi wenye maana ya kutafakari. Lilipofika Uchina likatamkwa chan-na, kisha likafupishwa kuwa chan. Wakorea wakasema seon, Wavietnamu thien, na Wajapani zen. Basi jina la madhehebu yale mashuhuri ya Japani si jingine ila ni neno hilihili lililosafiri.

Vitabu vya Kipali vyasimulia kwamba Buddha alijifunza kwanza kwa walimu wawili. Alara Kalama alimfundisha kuifikia hali ya kutokuwako kitu, na Uddaka Ramaputta hali isiyo ya kutambua wala ya kutotambua. Aliziacha zote mbili, kwa sababu hazikumfikisha kwenye ukombozi. Baada ya kujitesa kwa njaa pasipo faida, akakumbuka siku moja ya utotoni, alipoketi chini ya mti wa jambu, wa jamii moja na mzambarau wetu, na moyo wake ukatulia wenyewe. Hiyo, vyasema vitabu, ilikuwa jhana ya kwanza.

Jhana ya kwanza ina mambo manne yanayotajwa sana: vitakka, vichara, piti na sukha. Buddhaghosa, aliyeandika Visuddhimagga huko Anuradhapura, Sri Lanka, katika karne ya 5, ayafafanua kwa mifano. Vitakka ni kama kengele inapogongwa. Vichara ni mlio unaobaki ukivuma. Piti ni furaha ya mtu aliyechoka jangwani akiona maji. Sukha ni raha yake akisha kunywa na kupumzika kivulini. Hapa Kiswahili kina bahati, maana furaha na raha tunazo zote mbili, wala hatuzichanganyi.

Sasa msomaji na atazame mwendo wenyewe. Katika jhana ya pili vitakka na vichara hukoma. Katika ya tatu piti huondoka, raha ikabaki. Katika ya nne raha nayo huondoka, na kinachosalia ni uangalifu uliotakasika na moyo usioelemea upande wowote. Mwenye kuendelea, basi, haongezi kitu. Kila hatua ni kutua mzigo. Neno daraja, nililolitumia mwenyewe hapo juu, laficha jambo hili, kwani latufanya tufikirie cheo na kupanda.

Kosa kubwa zaidi lilitokea katika Kiingereza. Henry Clarke Warren, katika kitabu chake cha mwaka 1896, alizifasiri jhana kwa neno litumiwalo kwa mtu aliyepagawa au aliyepotewa na fahamu. Msomaji wa tafsiri hiyo angewezaje kujua kwamba katika jhana ya nne uangalifu ndio unaofikia usafi wake? Mtawa Nyanamoli, alipoifasiri Visuddhimagga mwaka 1956, aliliacha neno jhana kama lilivyo. Naona alitenda vema.

Nazo zile hali mbili za walimu wa kwanza zimeleta ubishi. Katika mpango wa baadaye ziliwekwa juu ya jhana nne, pamoja na hali mbili nyingine zisizo na umbo: ya anga isiyo na mpaka na ya ufahamu usio na mpaka. Johannes Bronkhorst alidai mwaka 1986 kwamba hali hizo ziliingia kutoka nje ya mafundisho ya Buddha. Alexander Wynne, mwaka 2007, aliitetea habari ya walimu wale wawili kuwa ya kweli, na akaihusisha elimu yao na mapokeo ya Kibrahmana. Wawili hawa wanatofautiana, lakini wote wanatuonya tusidhani kwamba ngazi ya hatua nane ilikuwako kamili tangu mwanzo.

Buddhaghosa mwenyewe hakuidhania kazi hii kuwa rahisi: asema kwamba hata katika maandalizi yake, anayefaulu ni mmoja katika mia au katika elfu. Kwa hiyo napendekeza kwa wafasiri wetu mambo matatu: neno jhana libaki, piti na sukha ziwe furaha na raha, na mahali pa daraja tuseme hatua. Hata kuzama, neno linalovutia, linahitaji tahadhari, kwani kwetu kizamacho huenda kikapotea, na mwenye jhana hajapotea.