Majina Mawili, Jina Moja: Historia ya Kura za Maoni Masasi na Newala

Kwa sehemu kubwa ya enzi ya vyama vingi katika majimbo ya Masasi na Newala, mbunge amekuwa akipatikana kabla ya siku ya uchaguzi. Aliyepitishwa na CCM alianza kupongezwa Agosti, na Oktoba ilibaki kuwa siku ya kuthibitisha. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua watu wa uwanda wa Makonde na wa vilima vya mawe vya Masasi wamewakilishwa vipi hana budi kuzichunguza kura za maoni ndani ya chama. Kila baada ya miaka mitano tunabishana juu ya nani apige kura hizo, wajumbe wachache au wanachama wote. Kwa maoni yangu ubishi huo unaacha kando badiliko lililokuwa zito kuliko yote. Zamani chama kilirudisha kwa wananchi majina mawili. Tangu 1995 kinarudisha moja.

Utaratibu wa majina mawili ulizaliwa mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza chini ya katiba ya chama kimoja. Mtu aliyetaka ubunge alitafuta saini za wapiga kura 25. Mkutano mkuu wa wilaya wa TANU, chama kilichoitangulia CCM, ukawasikiliza walioomba na kuwapigia kura, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walizunguka pamoja wakihutubia jukwaa moja kwa Kiswahili, huku wakikatazwa kugusa kabila, dini au rangi ya mtu, na hawakuruhusiwa kutumia fedha zao katika kampeni. Hapo kura ya mwisho ilikuwa ya kila mwananchi aliyejiandikisha, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Mkulima wa Kitangari au Lulindi ambaye hakuwahi kuhudhuria kikao cha tawi alikuwa na neno katika kuchagua kati ya wana-TANU wawili. Watu walilitumia neno hilo: katika uchaguzi ule ule, Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa jimboni kwake Mwanza.

Litakuja pingamizi kwamba nausifu mfumo uliofunga milango. Ni kweli kwamba hapakuwa na chama kingine, kwamba mgombea hakuweza kuupinga mwelekeo wa TANU, na kwamba Halmashauri Kuu ilikuwa na uwezo wa kupangua mapendekezo ya wilaya, nayo ikayapangua katika majimbo machache. Siutetei mfumo wa chama kimoja, na sitamani urudi. Ninachosema ni kwamba ulikuwa na kinga moja dhidi ya nguvu ya vikao: hata kikao cha juu kikikosea, kilikosea kwa majina mawili, na wananchi walibaki na nafasi ya kumkataa mmoja. Kinga hiyo ilikuwa na uzito wa pekee katika wilaya hizi. Enzi ya Mjerumani zilitawaliwa na maakida, kisha chini ya Mwingereza zikapewa maliwali, watu ambao mamlaka yao yalishuka kutoka juu wakati mamlaka ya wenyeji wa uwandani yalikuwa kwa wakulungwa, kila mmoja na kijiji chake. Kuletewa mtu lilikuwa jambo walilolijua vizuri.

Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa, na katika uchaguzi wa 1995 kila chama kilisimamisha mgombea mmoja. Katika majimbo yenye upinzani mkali, mwananchi alipata zaidi ya alichopoteza. Katika ngome za CCM kama Newala hesabu ilikuwa nyingine, maana vyama vipya havikuwa na ofisi wala matawi vijijini, na ushindani wa kweli ukahamia ndani ya ukumbi wa mkutano wa chama. Mfano mkubwa ulitoka Masasi kwenyewe. Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, alikuwa mbunge wa Nanyumbu, wakati huo sehemu ya wilaya ya Masasi, tangu 1985. Julai 1995 mkutano mkuu wa CCM Dodoma ulimpa kura 686 dhidi ya 639 za Jakaya Kikwete. Kura 47 ndizo zilizoamua nani awe Rais wa miaka kumi iliyofuata, na waliozipiga wangeenea katika ukumbi mmoja.

Mamlaka yakikusanywa mikononi mwa watu mia kadhaa wanaojulikana kwa majina, fedha hujua njia ya kuwafikia. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikahalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyogusa hata uteuzi ndani ya vyama. Huku kusini kuna jambo la kalenda ambalo sheria hailioni. Kura za maoni huangukia Julai na Agosti, wakulima wanapopulizia salfa mikorosho na mifuko imekauka. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Noti ya elfu kumi ya Agosti si sawa na ya Novemba, na mgombea mwenye fedha anajua hilo kama anavyolijua mchuuzi wa kangomba, anayenunua korosho kwa bei ya chini nje ya mnada.

CCM ililiona tatizo, na mwaka 2010 ikawapa wanachama wote kura ya maoni, ikarudia 2015. Hoja ilikuwa nzuri: ni vigumu kununua wilaya nzima. Waliopinga walisema gharama ndiyo imepanda, kwa kuwa mgombea sasa anahonga matawi badala ya ukumbi, na kwamba kadi ziligawiwa kwa wasio wanachama. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake, lakini dawa iliyofuata ilikuwa kurudi nyuma. Mwaka 2020 kura zilirudishwa kwa wajumbe, na nchi nzima ikajifunza kusema kwamba wajumbe si watu. Zilihesabiwa hadharani, jambo jema, kisha vikao vya juu vikawaacha baadhi ya walioongoza na kuteua waliowafuata. Mwaka 2025 mpangilio uligeuzwa: Kamati Kuu ilichuja majina kwanza, wajumbe wakapiga kura Agosti, na matokeo yakarudi juu. Wapiga kura wameongezwa na kupunguzwa, lakini chini ya kila utaratibu jina la mwisho limetoka kwenye kikao cha taifa likiwa moja.

Upinzani haukutoa mfano bora zaidi. Mwaka 2015 vyama vya muungano wa UKAWA viligawana majimbo kwa makubaliano ya viongozi, na Masasi akasimama Dk. Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa NLD. Alifariki siku kumi kabla ya uchaguzi, na kura ya ubunge jimboni ikaahirishwa. Mwaka huo huo wananchi walionyesha kwamba tiketi ya CCM haikuwa tena hati ya ubunge: Ndanda walimchagua Cecil Mwambe wa CHADEMA, na Tandahimba, iliyokuwa zamani sehemu ya Newala, wakampa mgombea wa CUF. Basi vyama vingi vinatosha, atasema mtu. Vingetosha kama ushindi ule ungebaki mikononi mwa waliopiga kura. Mwambe alihamia CCM mwaka 2020 na kurudi bungeni kwa tiketi yake, na waliomchagua ili kuikataa tiketi hiyo wakabaki bila mtu. Njia ya tatu, ya mgombea binafsi, imefungwa kikatiba, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu mjini Arusha iliamua Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kuifunga ni kuvunja haki. Uamuzi huo ukitekelezwa, mwana-CCM wa Newala aliyeongoza kura za maoni na kuachwa na kikao ataweza kupeleka jina lake kwa wananchi, nao watakuwa tena na majina mawili kutoka nyumba moja.