Askari wa Mara: Kutoka Keya hadi JWTZ

Nyansurura ni kata ya Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, katika nchi ya wakulima na wafugaji iliyo jirani na Tarime. Ukanda huu wa kaskazini mwa Tanzania, unaokaliwa na Wakurya, Wangoreme, Waikoma na makabila mengine, umetoa askari tangu enzi za Wajerumani hadi leo. Wakurya hasa waliingia jeshini kwa wingi usiolingana na udogo wa kabila lao. Historia ya utumishi huo inafuatilika vizuri zaidi kwa kuangalia vikosi vyenyewe: kila kimoja kiliundwa lini, kilipigana wapi, na kiliwarudisha watu wake wakiwa na nini.

Vita ya Kwanza ya Dunia

Vita hii ilipiganwa mlangoni mwa watu wa Mara. Wajerumani walikuwa na kituo Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, na boma la mawe Ikoma. Tarehe 12 Septemba 1914 kikosi chao kilivuka mpaka na kupigana na askari wa Kikosi cha Nne cha King's African Rifles (KAR) mjini Kisii, ambako kamanda wa Waingereza, Kapteni Thorneycroft, aliuawa. Januari 1915 Waingereza waliiteka Shirati.

Ikoma nayo ilipata zamu yake mwaka 1917. Heinrich Naumann, ofisa wa Kijerumani aliyeongoza safu iliyojitenga na jeshi kuu na kuzunguka nyuma ya mistari ya adui, alifika huko na safu hiyo. Askari wa Ubelgiji walimshambulia na kurudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Naumann alijisalimisha Oktoba mwaka huohuo.

KAR lilikuwa limeundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha majeshi madogo ya makoloni ya Waingereza. Lilianza vita likiwa na vikosi 3 na kuimaliza likiwa na 22. Mwaka 1917 Kikosi cha Sita kiliundwa upya, na miongoni mwa waliojazwa humo walikuwamo askari waliotekwa wakiwatumikia Wajerumani. Kikosi hicho ndicho kikawa kikosi cha Tanganyika. Watu waliliita jeshi lote Keya, na jina hilo likadumu vijijini hata baada ya jeshi lenyewe kufutwa.

Kwa nini vijana walijiunga

Waingereza walikuwa na imani yao kwamba baadhi ya makabila yamezaliwa kwa ajili ya vita, na Wakurya waliwekwa katika orodha hiyo. Kwa vijana wenyewe mambo yalikuwa mengine. Mahari ya Wakurya hulipwa kwa ng'ombe, tena wengi, na kazi za mshahara karibu na nyumbani zilikuwa haba. Mshahara wa Keya uligeuka ng'ombe, na ng'ombe wakawa mke na mji. Kijana aliyetahiriwa alitazamiwa kulinda mifugo na ukoo wake. Sare ya jeshi ilimpa njia ya kuutumia ujana huo bila kukosana na Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni.

Abisinia, Madagaska na Burma

Katika Vita ya Pili ya Dunia, Kikosi cha Sita kiligawanywa. Cha kwanza, 1/6 KAR, kilikwenda kupambana na Waitalia nchini Ethiopia. Tarehe 19 Mei 1941, karibu na mji wa Colito, askari wake walivuka mto Billate chini ya risasi, na mara vifaru vya Waitalia vikawatokea huku wao hawana silaha ya kuvizuia. Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, alirukia kifaru kimoja kwa nyuma, akafungua mfuniko wa juu, akawapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva, kisha akamlazimisha dereva huyo kukiendesha hadi mafichoni. Alikifuata kingine na kuuawa. Mwaka 1945 alitunukiwa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Wenzake Waafrika waliovuka mto siku ileile hawakuandikwa kwa majina katika simulizi hiyo maarufu.

Mwaka 1942 kikosi hicho kilikuwa sehemu ya Brigedi ya 22 iliyotumwa Madagaska kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy. Safari ya kusini ilikuwa ya kuondoa miti iliyoangushwa barabarani na kuvuka mito ambayo madaraja yake yamebomolewa. Mapigano yalikoma tarehe 6 Novemba 1942.

Burma ilikuwa ngumu zaidi. Vikosi vya Tanganyika, 26 na 36 KAR, vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru mnyama. Mwaka 1944, katikati ya masika ya Asia, divisheni iliteremka Bonde la Kabaw, mahali palipoua kwa malaria na homa za vichakani sawasawa na risasi za Wajapani. Ilifika Kalewa mwanzoni mwa Desemba, na hapo daraja la chuma likatandazwa juu ya mto Chindwin ili majeshi mengine yapite kuelekea katikati ya Burma.

Uhuru na uasi wa 1964

Tarehe 9 Desemba 1961, Kikosi cha Sita na cha 26 viligeuzwa kuwa Tanganyika Rifles, kimoja Dar es Salaam na kingine Tabora. Kambi ya Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya vita vya 1941. Ndimo uasi ulimoanzia usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Makomando wa Uingereza waliuzima tarehe 25 Januari. Serikali ililivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaanzishwa. Kambi ya Colito sasa ni Lugalo.

Vita ya Kagera

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera na kutangaza kuitwaa ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. JWTZ liliongezewa mgambo mpaka likapita watu 100,000. Aliyekabidhiwa Divisheni ya 20, iliyoingia Uganda, alikuwa Meja Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama aliyejiunga na Keya mwaka 1942 na kutumikia Madagaska. Askari walimpa jina la Jenerali Mutukula.

Mtihani mkubwa ulikuja Lukaya tarehe 10 Machi 1979. Brigedi ya 201, yenye mgambo wengi wapya, ilipigwa kwa makombora na jeshi la Amin lililosaidiwa na Walibya, ikatawanyika. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, aliyeitwa Kambale, ilizunguka kutoka kaskazini-magharibi, na alfajiri ya tarehe 11 ikampiga adui ubavuni wakati Brigedi ya 201 iliyojipanga upya ikishambulia kwa mbele. Adui aliacha maiti wanaokadiriwa kupita 400. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11.

Baada ya vita

Mara imetoa Wakuu watatu wa Majeshi ya Ulinzi: Musuguri (1980–1988), Ernest Mwita Kiaro (1988–1994) na George Waitara (2001–2007). Musuguri alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104.

Upande wa pili nao uelezwe. Baada ya 1979 bunduki za vita zilivuja hadi Tarime na Serengeti, na baadhi ya waliojua kuzitumia waliingia katika wizi wa ng'ombe. Uvamizi uliokuwa wa mishale na mapanga ukawa wa risasi, na familia nyingi zilipoteza mifugo na watu. Vijiji viliunda sungusungu kujilinda, na baadaye Serikali ikaipa Tarime na Rorya mkoa wao wa kipolisi. Utumishi uleule uliojenga heshima ya mkoa ulileta pia madhara hayo, na historia ya vikosi isiyoyataja haijakamilika.

Askari wengi waliokufa katika Vita ya Kagera wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na taifa huwakumbuka mashujaa wake kila tarehe 25 Julai. Waliorudi ndio wazee wa leo wa vijijini. Shule za sekondari za Serengeti na Tarime zinaweza kufanya kazi ya maana kwa kuwatuma wanafunzi wawaulize wazee hao namba za vikosi, majina ya makamanda na mahali walikopigana, na kuyaandika majibu maadamu wenyewe bado wapo.