Mtunza Vitabu na Haki ya Mwanafunzi



Chukulia, ndugu msomaji, kijana aliyesoma Qur'ani katika madrasa ya kijijini Kilangali, wilayani Kilosa, kisha akapata nafasi ya kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005. Kijijini elimu aliipokea mdomoni mwa mwalimu. Akikosea herufi husahihishwa papo hapo. Sasa amesimama peke yake mbele ya makabati ya vitabu, na simu yake inamletea Hadithi kila asubuhi bila kutaja mpokezi. Nani atamfundisha kutafuta, kuchagua na kuthibitisha? Wengi wetu tutajibu: mwalimu wa darasani. Wanazuoni walimtaja na mtu mwingine.

Tajuddin As-Subki, kadhi wa Kishafii wa Damascus aliyefariki mwaka 771 Hijria (1370 Miladia), aliandika kitabu Mu'idun-Ni'am kueleza wajibu wa kila mwenye kazi, kuanzia sultani hadi mafundi. Mtunza vitabu naye ana sehemu yake. Avihifadhi, avitengeneze vilivyochakaa, asivitoe kwa asiyestahiki, na amtangulize fukara asiyeweza kununua kitabu mbele ya tajiri. Huyu si mshika funguo tu. Anatakiwa kumjua msomaji na haja yake, na haja ya mtu haijulikani mpaka aulizwe.

Vitabu vingi vya zama hizo vilikuwa vya wakfu. Imam Abu Hanifa hakukubali wakfu wa vitu vinavyohamishika, lakini mwanafunzi wake Muhammad bin Hasan Ash-Shaybani aliuruhusu pale ulipokuwa desturi ya watu, na vitabu vikaingia humo. Kwa Mashafii, madhhebu ya pwani yetu, jambo ni jepesi zaidi: kinachofaa kuwekwa wakfu ni kitu chenye manufaa ambacho dhati yake hubaki kinapotumiwa. Kitabu husomwa na kisiishe. Basi kilichotolewa ni manufaa. Kwa maoni yangu, kitabu kinacholala kabatini kwa kuwa mwanafunzi hakufundishwa kukitafuta hakijatimiza kusudio la aliyekiweka wakfu, hata kama hakina vumbi.

Namna ya kutafuta haikuwa ngeni kwa waliotangulia. Ibn Sina ameeleza mwenyewe jinsi alivyoingia, akiwa kijana, katika maktaba ya mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur. Kulikuwa na vyumba vingi, kila fani na chumba chake: lugha na mashairi huku, fiqhi kule. Hakukimbilia makasha. Alisoma kwanza orodha ya vitabu, kisha akaomba alivyovihitaji. Na Baghdad, mwaka 1234, ilifunguliwa Madrasa ya Mustansiriyya, iliyofundisha madhhebu manne mahali pamoja na kuwa na maktaba yake. Aliyetaka kulinganisha rai za maimamu hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Kuthibitisha ndilo gumu zaidi. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuchunguza habari inapoletwa na fasiki. Wanazuoni wa Hadithi wakajenga elimu nzima: nani amepokea, kutoka kwa nani, je walikutana? Imepokewa kuwa Imam Malik aliulizwa masuala 48, akajibu 32 kati yake kwa kusema hajui. Mwanafunzi wa leo anaogopa neno hilo kuliko kuogopa kunukuu uongo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mfano upo Lamu. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh, una hazina ya miswada ya Kiarabu, na baadhi yake ina maandishi ya wakfu. Katika miaka ya 2010 miswada hiyo ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Picha inaweza kumfikia kijana wetu wa Kilangali bila kupanda jahazi. Lakini jina la mwandishi, jina la mnakili, tarehe ya kunakiliwa na neno la wakfu ni mambo manne tofauti, na mara nyingi yamo katika kurasa ambazo msomaji asiyefundishwa huziruka. Aketi naye mtunza maktaba kwa saa moja, wazifungue kurasa hizo pamoja.