Wafalme wa Sukari walivyohamishwa

Watu wa Kuba wanapenda beisiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, kama sisi tunavyopenda mpira wa miguu. Mwaka 1954 Havana, mji wao mkuu, ulipata timu katika Ligi ya Kimataifa, ngazi moja tu chini ya ligi kubwa za Marekani. Mwenye timu, tajiri Bobby Maduro, aliiita Sugar Kings, yaani Wafalme wa Sukari. Maana sukari ndiyo iliyokuwa mali ya nchi. Walisema: bado hatua moja, tumefika.

Januari 1959 Fidel Castro alishika serikali. Yeye naye aliupenda mchezo huo. Lakini usiku wa kuamkia 26 Julai, sikukuu ya mapinduzi, Havana ilikuwa ikicheza na wageni kutoka Rochester. Saa sita ilipopita, watu wakafyatua bunduki juu kwa furaha. Basi, risasi iliyopanda haina budi kushuka! Leo Cárdenas wa Havana akakwaruzwa begani, na Frank Verdi wa Rochester akapigwa kichwani. Aliokolewa na kifuniko kigumu alichovaa ndani ya kofia. Wageni wakafunga mizigo wakaenda zao.

Hata hivyo, mwaka uleule Sugar Kings waliwashinda Minneapolis, mabingwa wa ligi nyingine, michezo 4 kwa 3. Kwa sababu ya baridi ya Minneapolis, michezo mitano ya mwisho ilichezwa Havana, Castro akitazama.

Mwaka 1960 serikali ya Kuba na ya Marekani ziligombana juu ya mafuta na sukari. Mwezi wa Julai, timu ikiwa safarini, wakuu wa ligi wakaihamishia Jersey City, karibu na New York. Walisema wanaogopa hatari. Hofu hiyo haikuwa ya bure, lakini baada ya zile risasi timu ilikuwa imecheza Havana karibu mwaka mzima. Mimi naona siasa ilikuwa na nguvu zaidi. Kocha Tony Castaño akaacha kazi.

Huko Jersey City watazamaji walikuwa wachache. Baada ya mwaka 1961 timu ikahamishwa tena, mpaka Jacksonville. Maduro alipoteza mali yake Kuba, akafa Miami mwaka 1986. Uwanja alioujenga Havana, uliofunguliwa mwaka 1946, ungalipo, kwa jina jingine: Latinoamericano.