Filamu ya Wakereketwa

Jarida la filamu la Kiingereza likikuambia kwamba picha fulani ya kutisha ni «cult», hutajua mpaka uendelee kusoma kama inahusu watu wanaotoa kafara gizani au jambo jingine kabisa. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Mmoja ni kundi la ibada lililojitenga, lenye kiongozi asiyehojiwa. Wa pili ni filamu iliyokataliwa au kupuuzwa ilipotoka, kisha ikaokolewa na watazamaji wachache wasiokubali kuiachia. Kwa ule wa kwanza Kiswahili hakina shida. Huu wa pili ndio unaosumbua, na katika wiki hizi ambazo nimekuwa nikitazama filamu za namna hiyo mfululizo, kila istilahi niliyoifikiria niliipima kwa picha iliyokuwa mbele yangu.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni The Wicker Man ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Robin Hardy, kwa sababu imebeba mizigo yote miwili. Sajini Neil Howie, polisi na Mkristo mshika dini, anaruka kwa ndege ya majini hadi Summerisle, kisiwa cha kubuni huko Uskoti, kumtafuta binti aliyepotea. Wenyeji wanadai hawamjui. Wanaimba, wanakunywa, wanamdhihaki kwa adabu. Mavuno ya matufaha yaliharibika, na miungu yao inadai kitu. Asiyeiona anisamehe: Howie anaishia kuchomwa moto akiwa ndani ya sanamu kubwa la mtu lililosukwa kwa fito, kijiji kizima kikiyumba na kuimba pembeni. Karibu kila kitu kinatokea mchana kweupe. Hakuna mzuka, hakuna mlango unaojifungua wenyewe. Kilichonitisha mimi ni uchangamfu wa wale watu, ile furaha yao isiyo na chembe ya chuki dhidi ya mtu wanayemuua.

Kwa hiyo filamu hii inahusu dhehebu, sawa. Lakini heshima yake ya leo imetokana na mambo yaliyotokea nje ya kisiwa. Wasambazaji waliikata kutoka takriban dakika 100 hadi chini ya 90, wakaionyesha Uingereza kama picha ya nyongeza, tiketi moja na Don't Look Now. Christopher Lee, aliyecheza mkuu wa kisiwa bila kudai malipo, aliitetea mpaka uzeeni. Mwaka 1977 jarida la Kimarekani la Cinefantastique liliipa toleo zima na kuiweka juu ya picha zote za kutisha. Mikanda ya asili ilishapotea, na toleo refu likaja kuunganishwa upya kwa msaada wa nakala iliyokuwa mikononi mwa mtayarishaji Roger Corman, Marekani. Watu wasiolipwa hata senti walikuwa wakiuliza miaka nenda miaka rudi: dakika zetu ziko wapi?

Ukiita hiyo «filamu ya dhehebu», umetaja kisa na kuacha historia. Na ukiihamishia tafsiri hiyo kwenye The Thing ya John Carpenter, inaporomoka yote. Humo hakuna anayeabudu chochote. Kuna wanaume waliozingirwa na barafu ya Antaktika na kiumbe kinachoweza kujigeuza kuwa yeyote kati yao. Ilitoka tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T., wakati Marekani nzima inamlilia mgeni mpole kutoka angani, na wahakiki wakaitukana. Kanda za video ndizo zilizoifufua. Wafanyakazi wa kituo cha Amundsen-Scott, Ncha ya Kusini, wana desturi ya kuitazama pamoja ndege ya mwisho ya msimu ikishaondoka. Kwangu tukio la kupima damu kwa waya wa moto halijapitwa bado na filamu yoyote ya miaka arobaini iliyofuata.

Kinyume chake kipo pia. Living in Bondage, iliyotoka Nigeria mwaka 1992, ina chama cha siri cha matajiri na mume anayemtoa mkewe kafara. Dhehebu limejaa tele. Ila kanda zake ziliuzwa kama njugu tangu siku ya kwanza, na haikuhitaji mwokozi. Tena nadhani baada ya vifo vya waumini wa dhehebu la Shakahola, mwaka 2023, hakuna mhariri Mkenya atakayetaka kuandika «filamu ya dhehebu» akimaanisha kitu cha kuburudisha.

Pendekezo linalokuja upesi ni «filamu pendwa». Linavutia sikioni, lakini kiti hicho kina mwenyewe. Wanafunzi wetu wamefundishwa kwamba fasihi pendwa ni ile inayosomwa na umma, riwaya za Musiba na Mtobwa zilizopita mkono hadi mkono. Pendwa ni ya wengi. Hii tunayoitafutia jina ni ya wachache. Neno la Kilatini lililozaa lile la Kiingereza, cultus, lilikuwa na maana ya kutunza na kulima kabla ya kuabudu, kwa hiyo nilivutwa kidogo na «filamu tunzwa». Ila mtu wa pwani aliyewahi kwenda taarabu na noti mkononi atadhani ni picha iliyotuzwa hela.

Mimi nimeishia kwenye wakereketwa. Tanzania neno hili linanuka siasa, najua. Lilizoeleka vijiweni penye bendera ya chama na benchi la mbao. Hata hivyo limebeba kitu ambacho «mashabiki» hakina. Kukereketa ni kuwasha kooni. Mkereketwa ni mtu aliyewashwa, hawezi kunyamaza mpaka aseme. Shabiki huhama timu ikifungwa sana. Mkereketwa ndipo anapozidi. Isifupishwe tu kuwa «filamu kereketwa» kwa kuiga pendwa, maana pendwa ni yenye kupendwa, na kwa kanuni hiyo hiyo filamu ndiyo itakayokuwa imewashwa koo. Iwe filamu ya wakereketwa, na ikihitajika, filamu ya kutisha ya wakereketwa. Ndefu, lakini inasema kweli.

Night of the Living Dead ya George Romero inalikubali jina hili bila kubishana. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo karibu na Pittsburgh, ikatoka Oktoba 1968. Msambazaji alibadili jina lake, na katika kubadili akaacha nje tangazo la hakimiliki, hivyo kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya kila mtu. Yeyote angeweza kuinakili, na walioinakili walikuwa wengi. Duane Jones, mwigizaji Mweusi, anacheza Ben, mtu pekee mwenye akili timamu nyumbani humo. Anaupita usiku mzima wa wafu walao watu, kisha asubuhi anapigwa risasi na wanaume wenye bunduki waliomdhania mfu. Mwaka ule ule Martin Luther King alikuwa ameuawa. Mwisho ule bado unaniudhi, na unastahili kuniudhi. (Kuna wanaotafsiri wale wafu kuwa misukule. Msukule ana bwana aliyemchukua na kumfanyisha kazi; wafu wa Romero hawana bwana wala kazi. Tuwaachie uzombi wao, japokuwa neno hilo halitamkwi hata mara moja katika filamu yenyewe.)

Si kila kinachokereketa wenzangu kinanikereketa. Hausu ya Nobuhiko Obayashi, Japani, 1977, ina kinanda kinachomla mpigaji wake vidole kwanza, na tukio hilo ningelitazama tena kesho. Yaliyobaki yalinichosha: rangi, paka, vicheko vya wasichana, hila za kamera zisizopumua. Lakini nilimaliza nikielewa kwa nini kuna mtu angeweza kuibeba filamu hii miongo mitatu mpaka kumbi za Marekani zikaipokea.

Faida moja ya jina hili ni kwamba linawaumbua wauzaji. Siku hizi filamu ambayo haijaonyeshwa hata wiki moja hutangazwa kuwa ya «cult». Kwa Kiswahili swali linakuja lenyewe: wakereketwa gani, na wamekereketwa lini? Afadhali tulitumie kwa Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010. Hiyo ni ya mapigano, si ya kutisha, lakini kigezo inakitimiza: watu wa mabara mengine waliona vipande vyake kwenye intaneti wakaing'ang'ania. Toleo la mwanzo lilifutwa ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Lililopo ni lile lenye sauti ya VJ Emmie, anayeropoka juu ya picha kama walivyofanya watafsiri wa vibanda vyetu vya video, na wakereketwa wake hawataki kulisikia bila yeye.