Lodwar hadi Maralal: Saa Moja Angani

Kila Desemba 12 watoto wetu huonyeshwa picha ya bendera ikipandishwa mwaka 1963. Mwaka huu, wazazi wenzangu wa Al Mansoura, tuwafungulie pia ramani.

Wengi wanajua Kapenguria, ambako Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko, walishtakiwa mwishoni mwa 1952. Baada ya hukumu ya Aprili 1953 walipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Kifungo cha Mzee kilipoisha mwaka 1959 hakurudishwa nyumbani. Alihamishiwa Lodwar akae chini ya kizuizi, na Mama Ngina akamfuata huko.

Tuitazame Lodwar vizuri. Kutoka Nairobi ni kilomita 500 na kidogo kwa mstari ulionyooka. Joto lake ni kama la Doha mwezi wa Oktoba, ila kule ni Oktoba mwaka mzima. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Serikali ya mkoloni haikuhitaji kuta ndefu. Umbali wenyewe ulikuwa kufuli.

Halafu mambo yakageuka. Mei 1960 Gavana Patrick Renison alikuwa amemwita Mzee kiongozi wa giza na mauti. Lakini uchaguzi wa Februari 1961 ulipokwisha, KANU, iliyoshinda, ilikataa kuunda serikali Mzee akiwa bado kizuizini. Mapema Aprili akasafirishwa kwa ndege hadi Maralal.

Kati ya miji hiyo miwili ni kama kilomita 255 angani, saa moja hivi kwa ndege ndogo. Chini yake kuna Bonde la Suguta, mahali pa joto kali na lava, ambapo barabara ya kukata moja kwa moja haipo. Mwenye gari hushuka kusini hadi Kitale, kisha azunguke. Safari inazidi mara mbili ya ile ya ndege. Ndiyo maana sisi wauguzi, mgonjwa akiwa mbali, hatuulizi kilomita. Tunauliza ni muda gani, na kwa chombo gani.

Saa ile moja ilimtoa Mzee kwenye mchanga ikamweka kwenye baridi ya Samburu, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Aprili 11 waandishi wa habari walimkuta huko, na dunia ikamsikia tena baada ya miaka minane. Nyumba aliyokaa imehifadhiwa hadi leo. Ukienda likizo na watoto, wapeleke. Kutoka Doha hadi Nairobi ni saa tano tu.

Agosti 14, 1961 alirudishwa Gatundu, kilomita 235 hivi kutoka Maralal. Oktoba mwaka huo huo Mama Ngina akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Uhuru.